NISHANI YA BABU: NI YA KWELI AU YA BANDIA?

Katika nyumba nyingi za askari mjini Kampala, tangu kambi za Mbuya na Makindye hadi nyumba za polisi za Nsambya na Naguru, hapakosi sanduku la bati lililosukumwa chini ya kitanda. Ndani yake mna vyeti vya ubatizo, hati ya kiwanja, picha za harusi zilizofifia, na pengine kitambaa kilichofungwa fundo. Fundo likifunguliwa, huonekana kipande cha madini chenye utepe uliopauka. Watoto huuliza ni kitu gani hicho, na mara nyingi jibu huwa moja tu: "Ni cha babu. Alikipata vitani."

Jibu hilo halitoshi. Biashara ya nishani za kale imeenea duniani, nayo ina pande mbili zenye hatari. Upande wa kwanza ni mnunuzi anayejua thamani ya kitu, akakutana na mjane asiyeijua. Kumbukumbu ya ukoo mzima huondoka kwa bei ya kilo chache za sukari. Upande wa pili ni muuzaji wa vitu vya bandia, ambaye husubu msalaba wa Kijerumani leo, akaufukia udongoni kesho, na mwezi ujao akaunadi kwamba uliokotwa mpakani kulikopiganwa vita. Kijana mwenye kupenda historia humkabidhi mshahara wake, akarudi nyumbani na kipande cha risasi kilichopakwa rangi. Wahenga hawakukosea waliponena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa hiyo yafaa kila familia ya askari ijue mambo mawili: nishani hizi zilifikaje katika nchi zetu, na kwa njia gani ya kweli hutenganishwa na ya bandia.

WADACHI NA KEYA MPAKANI KAGERA

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwezi wa Agosti 1914, Uganda ilipakana upande wa kusini na koloni la Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Upande wa Uganda walisimama askari wa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi lililoundwa tarehe 1 Januari 1902 na ambalo wananchi walilipa jina la Keya. Batalioni yake ya 4 ndiyo iliyokuwa ya Uganda. Polisi wa Uganda nao hawakubaki nyuma. Walitoa kikosi kilicholinda mpaka wa mto Kagera pamoja na wanajeshi.

Upande wa pili, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alianza vita akiwa na kampuni 14 za askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani. Kampuni ya 7 ndiyo iliyokaa Bukoba. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria kwa meli kutoka Kisumu, wakaushambulia mji huo na kuuangusha mnara wake wa simu za upepo. Vita viliendelea kusini, hadi Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Jambo moja la vita hivyo huhuzunisha. Wajerumani walikuwa wameajiri askari wa Kisudani tangu mwaka 1889, na mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwaleta Uganda Wasudani waliokuwa chini ya Emin Pasha. Wajukuu wa hao wa Uganda ndio Wanubi tunaoishi nao Bombo na kwingineko. Basi mwaka 1914 watu wa asili moja walijikuta wakielekezeana bunduki, kila mmoja akiwa na kofia ya serikali nyingine. Ndiyo maana si ajabu kwa ukoo mmoja kuwa na nishani ya Mwingereza na beji ya Mdachi ndani ya sanduku moja.

VITU VYENYEWE NI VIPI?

Askari wa Mdachi alivaa tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki, na mbele yake palikaa tai wa madini au nambari ya kampuni yake. Vitu hivi ni vidogo, vyepesi na vya kawaida, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuigwa. Ipo pia medali ya ukoloni iliyoanzishwa na Mfalme Wilhelm II mwaka 1912, yenye sura yake upande mmoja. Juu ya utepe wake huweza kuwapo kibao chenye jina la nchi na mwaka wa vita. Kibao kilichoandikwa "Deutsch-Ostafrika 1905/07" ni cha vita vya Maji Maji, na Mwafrika anayekishika hana budi kukumbuka wangapi waliangamia upande wa pili wa sifa hiyo.

Maarufu kuliko zote ni Msalaba wa Chuma, ulioanzishwa na mfalme wa Prussia mwaka 1813. Ule wa Vita vya Kwanza una taji, herufi W na mwaka 1914. Ule wa Vita vya Pili una alama ya Wanazi na mwaka 1939.

Kwa upande wa Keya, askari wengi wa vita vya 1914 hadi 1918 walipewa medali mbili. Ya kwanza ni ya fedha, duara lenye upana wa milimita 36, yenye kichwa cha Mfalme George V upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili. Ya pili ni ya shaba, yenye malaika wa ushindi mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Katika Vita vya Pili, batalioni ya 4 ilikwenda Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, na waliopigana huko mwaka 1944 wakapata Nyota ya Burma, ya madini ya manjano yenye ncha sita.

MASWALI MATANO YA MPELELEZI

Polisi hodari hamkamati mtu kwa sura yake tu. Huuliza, hupima na hulinganisha. Nishani nayo ipelelezwe hivyo hivyo.

Swali la kwanza: kitu hiki kingefikaje hapa? Tai wa tarbushi aliyehifadhiwa na familia ya Rakai au Bukoba ana njia inayoeleweka. Lakini beji ya rubani wa Kijerumani wa mwaka 1940 inayodaiwa kuchimbwa shambani Masaka, ilifikaje? Katika Vita vya Pili, askari wa Afrika Mashariki walipigana hasa na Waitaliano kule Uhabeshi na Somalia, na serikali ya Ufaransa ya Vichy kule Madagaska mwaka 1942, na Wajapani kule Burma. Waliofika Misri na Libya, kulikokuwa na Wajerumani, ni hasa wale wa vikosi vya kazi. Basi njia ipo, ila ni nyembamba, na mwenye kuuza sharti aionyeshe.

Swali la pili: kimetengenezwa kwa njia gani? Nishani ya kweli kwa kawaida hupigwa chapa kwa mashine yenye nguvu nyingi, hivyo mistari yake ni mikali, nywele za mfalme huhesabika, na uwanja wake ni laini. Ya bandia mara nyingi husubiwa kwa madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu iliyonakiliwa kutoka kwa ya kweli. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vishimo vidogo kama vya sindano, herufi zilizovimba kama sabuni iliyolowa, au mstari wa maungio ukingoni uliosuguliwa kwa tupa, fahamu kwamba hapo kuna hila. Tena madini hunywea yanapopoa. Kwa hiyo nakala iliyosubiwa hupungua upana kidogo. Rula ya mtoto wa shule yaweza kumfichua mwongo.

Swali la tatu: sumaku inasemaje? Msalaba wa Chuma wa kweli hauundwi kwa kipande kimoja. Una kiini cha chuma kilichotiwa weusi, kikabanwa katikati ya fremu mbili za madini meupe, na fremu hizo zikaunganishwa ukingoni. Sumaku huvuta kiini hicho, na jicho lililo makini huuona mshono wa fremu pembeni. Msalaba uliosubiwa kwa kipande kimoja, ukapakwa rangi nyeusi katikati na nyeupe kandokando, haufai kitu. Hata hivyo sumaku peke yake si hakimu. Yako makundi machache ya kweli yaliyotiwa kiini kisicho cha chuma, na wako matapeli wanaojua kutumia chuma. Kwa medali ya fedha mambo ni kinyume: sumaku ikiivuta, hiyo si fedha.

Swali la nne: ukingo umeandikwa nini? Hapa ndipo medali za Keya zinapowashinda wenzao. Medali za Vita vya Kwanza ziliandikwa ukingoni nambari ya askari, cheo, jina na kikosi. Herufi zilizopigwa na serikali hulingana kwa urefu na kina. Zikiwa zimeyumba, au ukingo umepungua unene mahali palipoandikwa, yawezekana jina la kwanza lilifutwa kwa tupa na jingine likatiwa. Lakini nyota na medali ambazo Uingereza iliwapa askari hawa katika Vita vya Pili kwa kawaida hazikuandikwa jina. Hivyo mjukuu asikate tamaa kwa kukosa jina la babu kwenye Nyota ya Burma. Autafute ushahidi katika cheti cha kuachishwa jeshi, barua na picha.

Swali la tano: utepe ni wa zamani gani? Ile taa ya urujuani itumiwayo na benki na maduka ya Kampala kukagua noti yaweza kusaidia. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini ya taa hiyo, na pamba au hariri ya zamani haing'ai. Lakini utepe wa zamani uliofuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi nao hung'aa, na medali ya kweli yaweza kuwa imebadilishiwa utepe uliochakaa. Taa hutoa shahidi mmoja, haitoi hukumu.

BEJI ZA WANAZI

Beji za chama cha Wanazi, kilichoitawala Ujerumani kuanzia 1933 hadi 1945, zahitaji maneno ya peke yake, kwa kuwa ndizo zinazoigwa kwa wingi sana. Katika miaka ya 1930 walowezi wa Kijerumani nchini Tanganyika walikuwa na matawi ya chama hicho, hivyo beji ya kweli kuonekana katika nchi zetu si muhali. Kuanzia mwaka 1934 watengenezaji walioruhusiwa walipiga nyuma ya beji herufi RZM na nambari yao ya leseni. Wanaoiga wanazijua herufi hizo vizuri, na huzipiga pia. Kuwapo kwake hakuthibitishi lolote mpaka nambari ilinganishwe na mtengenezaji aliyejulikana, na kazi yenyewe ilinganishwe na ya kweli. Rangi ya beji za kweli ni unga wa kioo uliochomwa motoni ukawa mgumu na laini. Rangi ya bandia mara nyingi ni ya kupaka, hukwaruzwa na kucha, na huwa na vipovu.

Yako pia mavazi ya kisheria yanayochanganya watu. Mwaka 1957 Ujerumani ya Magharibi iliruhusu askari wa zamani wavae nishani zao baada ya kuondolewa alama ya Wanazi. Misalaba ya 1939 yenye majani ya mwaloni mahali pa alama hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya sheria hiyo. Si ya utapeli, lakini pia haikuwapo vitani, na asiyejua huilipia kama iliyokuwapo.

Mwenye kukusanya beji hizi akumbuke anakusanya nini. Nchini Ujerumani kwenyewe kuivaa alama hiyo hadharani ni kosa la jinai. Hapa Uganda, Koja karibu na Mukono, na Nyabyeya karibu na Masindi, palikuwa na kambi za maelfu ya Wapolandi waliong'olewa makwao na vita hivyo, na makaburi ya baadhi yao yapo hadi leo. Kitu cha namna hiyo kikae kabatini kikiwa na maelezo yake, kama ushahidi unavyokaa mahakamani. Hakifai kuwa pambo la fulana ya kijana.

FAGIO LA MWANZA

Kisa kimoja kinachosimuliwa katika vitabu vya historia kinafundisha kuliko vyombo vyote vya kupimia. Mwaka 1964, ambao ndio mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani ya Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wake Waafrika waliokuwa bado hai. Ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza, kusini mwa ziwa letu. Wazee kama 350 walijitokeza. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare za kale, na wengi hawakuwa na chochote.

Mlipaji kutoka Ujerumani afanye nini? Kitambaa chaweza kuazimwa, na beji yaweza kununuliwa. Inasemekana alimpa kila mzee fagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Mikono iliyozeeka ilikumbuka. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Somo ni wazi. Nishani ni shahidi wa mtu, na mtu mwenyewe ndiye kiini cha habari. Kipande cha madini kisicho na mtu nyuma yake, hata kikiwa cha kweli, ni nusu ya kitu.

Kinyume cha wazee wale kilionekana hapa Kampala. Idi Amin, aliyeitawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, alijaza kifua nishani na kuandika herufi VC baada ya jina lake. Kwa Waingereza herufi hizo ni Msalaba wa Victoria, sifa ya juu kabisa ya ushujaa. Kwake zilikuwa nishani iliyobuniwa chini ya utawala wake mwenyewe. Ilisemwa pia kwamba alipigana Burma. Lakini aliingia KAR mwaka 1946, na vita vilikuwa vimekwisha 1945. Tarehe moja tu ya kuandikishwa ilitosha kuyavunja majigambo yote.

KUITUNZA NYUMBANI

Baba na mama wa nyumba hawana haja ya kuwa mabingwa ili waihifadhi mali hii.

Kwanza, nishani isisuguliwe. Dawa ya kung'arishia vifungo vya sare, ambayo kila mke wa askari anaijua, hula madini kidogo kidogo mpaka herufi za ukingoni zipotee, na pamoja nazo jina la babu. Wekundu na weusi wa uzee ni sehemu ya ushahidi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini cha pamba, kikavu. Likionekana ua la kijani la kutu ya shaba, liondolewe kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa kisu wala msasa.

Pili, nishani ikae pakavu. Mvua za Kampala huleta unyevu masandukuni. Kila moja ifungwe peke yake katika karatasi nyeupe safi au pamba, isichanganywe na funguo na sarafu, wala isitiwe katika mfuko wa plastiki uliobana hewa ya mvuke. Utepe usipigwe na jua.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kiandikwe kila kinachojulikana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari la shule pawekwe jina la mzee, kijiji chake, nambari yake ya jeshi, kikosi, mwaka alioingia na aliotoka, na nani alimrithi. Picha ya nishani ipigwe pande zote mbili na ukingoni. Cheti cha kuachishwa jeshi kiwekwe pamoja nayo, na nakala yake mahali pengine. Wazee waulizwe sasa, wangali hai.

Nne, anayetaka kuuza asiuze siku ile ile aliyoulizwa. Mnunuzi mwaminifu atangoja wiki. Wakati huo familia yaweza kwenda Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia Kitante mwaka 1954, ilinganishe na kuuliza. Fedha iliyomo ndani ya medali si kipimo cha thamani yake: mwaka 1980 bei ya fedha ilipopanda sana duniani, medali nyingi za Vita vya Kwanza ziliyeyushwa huko Uingereza, na majina ya watu yakayeyuka pamoja nazo. Wengi walijuta baadaye.

Tano, anayeokota risasi, kombora au kitu kizito cha kivita shambani asikiguse wala kukibeba sokoni. Apeleke habari kituo cha polisi. Silaha ya kale yaweza kuua leo.

Mwisho ni adabu ya kuvaa. Askari huvaa nishani alizopewa yeye, kwa utaratibu wa jeshi lake. Desturi ya Kiingereza iliyorithiwa na Keya humruhusu mwana au mjukuu avae medali za marehemu siku ya ukumbusho, lakini upande wa kulia wa kifua, ili kila mtu ajue kwamba sifa ni ya aliyetangulia.

Uganda leo ina nishani zake chini ya sheria ya mwaka 2001, na mojawapo ni Nishani ya Kagera, ya wale waliopigana kuuondoa utawala wa Amin. Mto ule ule uliowatenganisha Keya na askari wa Mdachi mwaka 1914 umelipa jina pambo la wanajeshi wa kizazi kingine. Miaka 50 ijayo wajukuu wao nao watafungua masanduku na kuuliza. Kama daftari litakuwamo, watasomewa jina la mtu na alichokifanya. Kama halimo, watakuta kipande cha madini tu, na yeyote apitaye mlangoni ataweza kuwaambia ni cha nani.